Pipa la Tatu la Bwana Kosta

Enzi zetu sisi, wenzangu, mvua ya Kawetele haikuwa na likizo. Inanyesha tukienda shule, inanyesha tukirudi, na Jumapili nayo inakuja kanisani kama muumini. Mwavuli wetu jani la mgomba. Mchezo wetu gome la mgomba: unalikalia juu ya kilima, mwenzio anakusukuma, unateremka na tope mpaka unaingia kwenye shamba la chai la watu. Ukifika nyumbani gauni nyuma limekuwa jeusi, mama anakuuliza, "Leo umelima kwa makalio?" Wajukuu zangu siku hizi wakiona tope kidogo tu wanaita bodaboda.

Aliyetushinda wote kuteleza alikuwa Katina. Baba yake ni Bwana Kosta, Mgiriki, aliyehamia kwetu na mkewe wakiwa na masanduku mawili na miche ya mizabibu, imeviringishwa kwenye gunia bichi kama mtoto mchanga. Katina alizaliwa hapahapa. Kiswahili chake kilichechemea kama changu, lakini Kinyakyusa! Alikuwa anatukana mbuzi mpaka mbuzi anaona haya.

Basi huyo baba yake alikuwa anataka kutengeneza divai kama ya kwao. Wazee wakipita wanacheka, "Mzungu analima kamba." Na zabibu kila mwaka zinaoza. Mvua si nimeshawaambia? Siku moja Bibi yangu akamkuta Mama Katina amekaa chini kwenye mizabibu, analia. Bibi akatua kikapu chake, akamwambia, "Mwanangu, unalilia tunda lisilokupenda, na linalokupenda limeota mpaka nyuma ya choo."

Ndizi, jamani! Bibi akamfundisha kuvundika: unachimba shimo, unatandika majani makavu, unapitisha moshi kidogo, unafunika, unasubiri mpaka harufu yenyewe ikuite. Juma zima. Mama Katina akamenya, akachemsha, akachuja, akatia sukari na hamira, wakajaza pipa. Likawa siki. La pili, siki ya kutoa machozi. Kumbe walikuwa wanavundika siku mbili tu, haraka ya kizungu! Bibi akasonya, la tatu akakaa mwenyewe juu ya shimo, hakuna kufunua.

Ila Bwana Kosta alikuwa ameshauza ng'ombe wake wote apate mapipa. Akasema hili la tatu likiharibika, wanafunga masanduku. Katina aliniambia tukiwa juu ya kilima, gome tumelishika, hatujalikalia.

"Tutaenda Ugiriki."

"Kuna migomba huko?"

"Hakuna."

Tukalia wote wawili. Sasa mtu atateleza na nini?

Kuanzia hapo tukawa walinzi wa pipa. Tukitoka shule tunaliwekea sikio. Linanong'ona, tsss, tsss. Jumamosi moja, kabla sijaenda mazoezi ya kwaya ya watoto, Katina akachota kikombe cha bati tujue kama ni siki. Yeye baba yake alimkataza kuonja. Mimi hakuna aliyenikataza. Nikanywa. Tamu! Kama asali iliyotekenywa. Nikaongeza kingine, nikaenda kwaya.

Wenzangu! Wimbo ulikuwa wa taratibu, mimi nikauimba kama wa harusi. Mwalimu akaomba sauti ya pili, nikampa ya tatu na ya nne. Halafu nikamkumbatia mzee wa kanisa aliyekuwa mlangoni, nikamwita shangazi. Na huyo mzee wa kanisa ndiye baba yangu mzazi.

Mama akaja na fimbo. "Gwe mwana! Umekunywa nini?"

"Juisi ya kina Katina, mama."

Akanikokota mpaka kwao, njia nzima naimba. "Bwana Kosta! Mtoto wangu amelewa!"

Bwana Kosta akasimama kama amepigwa na radi. "Amelewa?"

"Amelewa!"

"Amelewa kweli, Mama Tupoki, au anacheza tu?"

"Kusimama hawezi! Huoni?"

Yule baba akapiga magoti kwenye tope, akaushika mkono wa mama yangu, akaubusu. "Ndaga fijo! Ndaga fijo!" Asante sana, asante sana. Akamwita mkewe kwa sauti, "Njoo uone! Mtoto amelewa!" Mama Katina akatoka mbio, akanitazama ninavyoyumba, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mama yangu fimbo ikamponyoka. Sidhani kama mkono wake ulishawahi kubusiwa.

Fimbo nililetewa kesho yake, nikiwa mzima, ili nizisikie vizuri. Kileo sijagusa tena mpaka leo, namwogopa marehemu mama.

Masanduku hayakufungwa. Divai ya ndizi ikauzwa Tukuyu mjini, ikapanda mpaka Mbeya, na kiwanda kipo palepale mpaka sasa, wajukuu wa Katina ndio wanaendesha. Ukutani wameandika kilianzishwa na wahamiaji kutoka Ugiriki. Ni kweli. Nikawaambia waongeze na Bibi yangu, wakamwongeza, herufi ndogo kidogo. Vijana wanakuja, chupa haifunguliwi mpaka ipigwe picha. Mimi na Katina tunakaa kibarazani na magoti yetu mabovu, tunakitazama kile kilima. Mvua nayo siku hizi imejifunza likizo, na hakuna mtoto hata mmoja anayeteleza.

Juzi mjukuu wake akatuletea kidude cha kioo, akakitumbukiza kwenye divai, akasoma namba. "Bibi, hiki ndiyo kinapima ukali. Zamani mlikuwa mnapima na nini?"

Katina akanitazama. Tukacheka mpaka meno yaliyobaki yakataka kuaga.

Kidude chenu kizuri, mjukuu wangu. Ila chetu kilikuwa kinaimba.