Gitaa la Kakuru Liliponyamaza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu nitaikumbuka: siku tuliyorudi kutoka kumzika Kakuru, na pacha wake Kato akakataa kunywa hata maji.

Hao wawili ndio walikuwa wapiga magitaa wetu huku Nyakakika. Magitaa yenyewe waliyaunda kwa makopo ya mafuta na nyaya za breki za baiskeli, lakini yalilia mpaka migomba ikainama kusikiliza. Usicheke, mimi nilikuwepo. Dereva mmoja wa lori la kahawa aliwaachia kaseti ya bendi ya roki ya Waingereza, ya zamani hata kwa wakati ule, wakaisikiliza hadi utepe ukawa mwembamba kama uzi wa buibui. Kiingereza hawakukijua. Walichukua mdundo, wakautilia maneno yetu ya Kinyambo, ya mavuno na ya wasichana wa Nkwenda. Kakuru alipiga solo, lile gitaa linaloimba juu. Kato alipiga rizimu, lile linalombeba mwenzake. Vijana walitoka Mabira kwa miguu kuja kuwasikia, Walutheri na Wakatoliki benchi moja, jambo ambalo hata Krismasi haikuliweza.

Kisha homa ikampanda Kakuru kichwani. Jumatatu alikuwa anachuma kahawa, Ijumaa tunamchimbia kaburi kwenye kibanja chao, shamba la nyumbani, nyuma ya migomba.

Matanga yakaanuliwa. Mama yao akayafunga magitaa kwenye gunia, akaliweka darini, akatuomba tusipige hata mluzi karibu na nyumba yake. Nasi tukaona ndiyo heshima. Tukipita njia ile tulinyamaza, na baadaye tukaacha kupita. Kumbe Kato huko ndani anakauka. Ndizi zikiletwa, anageukia ukutani. Akiitwa, haitiki. Shingo ilikonda mpaka kichwa kikaonekana kama cha kuazima. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini wapo walio hai wanaoijua.

Babu yao, Mzee Byabato, alitukuta barabarani tunacheza karata.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba ya nini? Nyinyi ni marafiki wa nani?"

"Wa Kato, babu."

"Kato yupi? Yule mliyemzika pamoja na nduguye?"

Mwenzetu Erasto akajitetea: "Babu, tunaheshimu msiba. Tumekaa kimya."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, Erasto, na mshindo huo unamwangukia mjukuu wangu peke yake. Kaburi moja nimeshachimba. La pili mtachimba nyinyi, mimi mgongo sina tena."

Karata zikatuanguka mikononi. Tukamfuata.

Mzee yule, aliyekuwa na umri sawa na vilima, alipanda darini mwenyewe akashusha gunia. Mama Kakuru akapiga kelele: "Baba, utaniulia huyu aliyebaki!" Mzee alifungua gunia. Alimwekea Kato gitaa la rizimu mapajani, akaketi.

Tulikaa mpaka jua likahama kutoka mlangoni likafika ukutani. Ndipo vidole vya Kato vikasogea. Alipiga wimbo wa kwenye ile kaseti, rizimu tupu, na kila alipofika mahali pa Kakuru akapunguza, akasubiri. Pakawa kimya. Akaendelea. Akasubiri tena. Nimewahi kusikia radi ikipasua mti, mwanangu, lakini lile pengo lilipiga kwa nguvu zaidi.

Erasto akanikanyaga mguu. "Imba wewe!"

"Mimi? Na sauti hii ya mbuzi?"

Nikaimba solo kwa mdomo, tiri-tiri-tii, vibaya kiasi kwamba kuku walikimbia nje. Kato akainua kichwa, akanitazama kwa hasira.

"Umekosea. Kakuru hakupiga hivyo."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mazikoni.

"Basi alipigaje?" akauliza babu yake, polepole.

Kato akafungua mdomo atuonyeshe, badala yake akalia kilio ambacho hakukilia kaburini. Alilia sana. Mama yake akamletea uji. Akanywa.

Sikudanganyi kwamba alipona. Mvi zimemjaa sasa, na akipiga wimbo ule bado anasimama pale pale kusubiri. Ila siku hizi wajukuu wake wameupata kwenye simu, na kila mmoja anajaza lile pengo kwa namna yake. Mmoja kwa filimbi, mwingine kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe. Wote wanakosea, na yeye anawakemea wote.

Darasa la jioni nililosomea ukubwani halikunifundisha hili, kwa hiyo lipokee kwangu. Mwenzio akifiwa, usimwachie kimya ukakiita heshima. Nenda. Kiguse anachokipenda, hata kama utakikosea, maana huenda kosa lako ndilo litakalomfungua mdomo. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja huzimika chenyewe. Mungu akupe miguu ya kwenda kwa waliofiwa, mwanangu, na siku yako ya giza ikifika, akuletee watu wasioogopa kubisha hodi.