Divai Nyekundu kwa Samaki wa Matanga

Nikisema sioni aibu nikikumbuka siku ile nitakuwa nadanganya, na kudanganya siwezi (ndiyo maana hata kanisani wanasita kunipa kipaza sauti). Siku ya kuondoa matanga ya mume wangu nilitapika mbele ya picha yake, watu wote wakiangalia, na yote yalianza kwa sababu nilitaka kumheshimu.

Deo alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja kule kaskazini mwa Johannesburg. Mimi shule niliiachia darasa la sita, kwetu Uvira, Kongo, lakini divai alinifundisha yeye, jikoni kwetu mtaa wa Hillbrow, taulo mkononi kama yuko kazini: Sauvignon Blanc kwa samaki, Chardonnay kwa kuku wa siagi, Merlot kwa ng'ombe wa mchuzi, Cabernet Sauvignon kwa nyama ya kuchoma yenye mafuta. Zote zabibu za Ufaransa, alisema, ingawa siku hizi zinapandwa huku huku Cape. ("Na sombe, majani yetu ya muhogo?" nilimuuliza. "Sombe Wafaransa hawakuifikiria.") Wateja walikuwa wakimpa chupa wakati wa Krismasi, naye akaziweka kabatini akisubiri siku kubwa.

Mwaka 2017 tumbo lilimshika, na wiki haikuisha. Kaka yake, shemeji Bahati, akasema mtu mwenye afya hafi hivyo bila mkono wa mtu. Hakunitaja jina, lakini nani alikuwa akimpikia? Basi nikaingoja siku ya kuondoa matanga, maana kwetu ndiyo siku ambayo ndugu za mume humvua mjane nguo nyeusi na kutamka mbele ya watu kwamba hana lawama. Nililitaka neno hilo tu, sikutaka kingine.

Nikapika samaki, kuku, ng'ombe, nikachoma na mbuzi, kisha nikatoa zile chupa nne za Deo nikaweka kila moja kando ya chakula chake. Mimi mlokole, pombe sigusi, lakini nilijiambia siku yake kubwa ndiyo hii.

Nilisahau jambo ambalo mtu wa kwetu hasahau: anayemimina ndiye anayeonja kwanza, watu waone hakuna sumu. Nikammiminia shemeji. Glasi hakuishika.

"Wewe kwanza, shemeji."

"Mimi nimeokoka, kaka."

"Tangu lini wokovu unaogopa glasi?"

Mama Esta, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, alinitazama kwa macho ya kusema usithubutu. Nikathubutu.

"Huko ni kulamba," shemeji akasema. "Kunywa."

Nikanywa. Na kwa kuwa chupa ni nne ilibidi nionje zote nne, na mimi nilikuwa nimefunga tangu jana yake nikimwomba Mungu siku ipite salama, kwa hiyo nilipofika ya tatu ukuta ulikuwa unanijia, na ya nne, ile Cabernet, niliigusa kwa midomo tu, zaidi nisingeweza.

Shemeji akaridhika, hata akatabasamu. Akajipakulia samaki, akajimiminia Cabernet glasi nzima. Nami, kichwa chepesi, nikamsikia Deo akisema divai nyekundu nzito juu ya samaki inatia mdomo ladha ya chuma, ni kumtukana samaki. Nikamrukia mtu wa watu, nikamkamata mkono.

"Hapana, kaka! Usinywe hiyo!"

Shemeji aliinusa ile glasi.

"Kwa nini nisinywe?" aliuliza polepole.

"Kwa sababu ya samaki."

"Samaki ana nini?"

"Samaki hana kitu, ni hiyo divai..."

"Eish! Ndiyo hiyo hakuimeza!" akasema mwanamke mmoja nyuma.

Nikaeleza habari za Wafaransa na ladha ya chuma, nani angesikiliza? Nikaona njia ni moja. Nikampokonya glasi, nikainywa yote mpaka tone la mwisho, nikaiweka mezani kama mtu aliyeshinda kesi. Ilikaa tumboni muda wa kusema amina. Kisha ikatoka yote, juu ya kitambaa cha meza, juu ya picha ya Deo.

"Sumu!"

Watu wakakimbilia ngazi, wengine na sahani zao (za kuku, maana kuku hakutuhumiwa). Mama Esta alibaki, akanishika kichwa, akanifuta mdomo, halafu akaniambia kwa upole nipumzike kwanza kuimba kwaya. Shemeji alisimama mlangoni.

"Familia itakaa kikao," akasema, akaondoka.

Hawajakaa mpaka leo, na neno langu halijasemwa. Nguo nyeusi niliivua mwenyewe, peke yangu, nikaifua, nikaianika dirishani Hillbrow yote iione.

Siku hizi nikienda msibani napeleka maji ya chupa, na kila mtu namwachia avunje kifuniko chake mwenyewe. Mtu akichanganya chakula na kinywaji kisichofaa, mdomo ni wake. Mimi natazama pembeni, nakaa kimya.