Redio ya Baba Mkwe

Kwa wiki tatu Mwalimu Bosibori alikuwa akigombana na jina moja kwenye skrini ya simu. Akiwa kwake Oyugis, alisomesha walimu wa chekechea kwa mtandao, watu thelathini ambao hajawahi kukutana nao hata mmoja. Wote walimheshimu, isipokuwa huyu Mellen wa Kehancha. Kila akiulizwa swali, ilijibu redio: muziki, matangazo ya vifo, muziki tena. "Mellen, kama umekuja kutuchezea redio, enda zako," alimwambia siku moja, na darasa zima likacheka. Bosibori ana ulimi, hilo hata mumewe analijua.

Leo ulikuwa mtihani wa mdomo. Asiyejibu kwa sauti yake kufikia saa kumi na moja, jina linafutwa, na mwaka wake mzima umekwenda na maji. Saa kumi na nusu alikuwa amebaki Mellen peke yake.

Bosibori akampigia. Simu ikapokelewa. Redio tu. Alikuwa karibu kukata simu, ujumbe ulipoingia: "Mwalimu niko. Network inashika tu hapa nyuma ya nyumba ya baba mkwe. Ameketi hapa. Siwezi ongea akisikia."

Uso ulimchoma kwa aibu. Yeye mwenyewe ni Mgusii, na kwao pia mke na baba mkwe hawasemezani, kwa heshima; miaka kumi na tisa ya ndoa, na hajapaza sauti mbele ya baba mkwe wake hata siku moja. Angeuliza tu, angejua.

"Weka simu kwa sauti kubwa juu ya kitu, karibu na yeye, urudi nyuma," aliandika. Akasubiri, macho kwenye saa, mpaka akasikia kikohozi.

"Mzee, habari ya jioni. Mimi ni mwalimu wa bibi ya kijana yako. Ako na mtihani sasa hivi, na lazima aongee."

Mzee akainamia simu.

"Kumbe anasoma," akasema. "Mimi niliona anakuja kukaa hapo nyuma kila jioni, nikafikiri anapenda redio. Nikawa naongeza sauti ndio asikie vizuri. Na siwezi kumuuliza."



Redio ikazimwa. "Wacha niende kwa ng'ombe," mzee alisema, na hatua zake zikafifia. Zilibaki dakika kumi.

"Mellen," Bosibori alisema, "kabla ya swali, nisamehe."

"Uliza haraka, mwalimu," ilijibu sauti nzito ambayo hakuwahi kuisikia. "Ng'ombe bado hawajarudi. Mzee amesimama tu zizini."