Rubani Aliyekataa Kuzunguka

Kwenye malisho yetu juu ya kijiji cha Kirolirwe kuna kiwanja cha ndege ambacho hakijawahi kuona mashine ya kukata majani. Ng'ombe wetu ndio wanaoyapunguza. Mwenye kiwanja alitupa ruhusa hiyo mwenyewe, na marubani wote wanajua desturi: kwanza rubani apite juu ya kiwanja akiruka chini, sisi tuondoe mifugo, ndipo azunguke na kutua.

Asubuhi moja, rubani wa ndege ndogo aliyemleta mgeni wa mwenye kiwanja hakupita wala hakuzunguka. Alishuka moja kwa moja kama mtu anayewahi chakula. Ng'ombe wangu, niliyepewa na baba nilipoolewa, alikurupuka, akatumbukia korongoni na kuvunjika miguu ya mbele. Tulimchinja palepale. Ndama wake, aliyekuwa bado ananyonya, alisimama kando akilia.

Nilimfuata rubani. Hakuvua hata miwani yake ya jua.

"Mama, sheria inakataza ngombe ku kiwanja," akasema, akaingia kula.

Hasira ilinipanda. Mlinzi wa kiwanja aliniona, akaniambia kuna sheria nyingine. Ndege ile haina vyombo vya kuongozea gizani. Rubani wake lazima aone milima kwa macho. Jua likishazama, haruhusiwi kuruka. Nilimshukuru, nikaenda kukusanya ng'ombe wa ukoo mzima.

Jioni rubani alipotaka kuondoka, kiwanja kilikuwa kimejaa ng'ombe, na wengine wamelala wanacheua. Alinifokea niwatoe. Nikamjibu kwamba ninawatoa, kama sheria yake inavyotaka, ila ng'ombe walioshtuliwa asubuhi hawakimbizwi. Nilimtoa mmoja, nikarudi taratibu kwa mwingine, nikisimama kumkuna shingo. Nilikuwa na furaha mbaya, na sikuionea haya. Jua likaingia nyuma ya milima, naye akabaki nasi.

Kulipokucha, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Hakuweza kuruka. Alikuja kwangu amejikunyata kwa baridi, akaomba maziwa ya moto. Nilimpeleka zizini, nikamwonyesha ndama.

"Papa, maziwa iko ya huyu mutoto. Mama yake tulimuchinja jana, sababu yako."

Hapo ndipo alipovua miwani. Sikumwangalia usoni. Niliinama, nikaanza kumnywesha ndama maziwa ya ng'ombe mwingine, naye akasimama pale na njaa yake.