Bernadina, Mkalimani wa Wodi ya Wanawake

Bernadina binti Eustace alifika hospitali ya misheni, kwenye njia itokayo Shinyanga kwenda Kahama, mwaka 1951, akitafuta kazi ya kufagia. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kwao Ushetu. Huko aliolewa, na miaka saba ilipopita bila mtoto, mama mkwe akamfungashia vitu vyake, akamsindikiza hadi njia panda, akageuka bila kumuaga.

Masista wakampa ufagio na ndoo. Lakini Kisukuma na Kisumbwa alivijua, na Kiswahili pia, kwa hiyo haukupita muda daktari akawa anamwita kutafsiri. Daktari huyo alikuwa mama wa Kizungu, na Kiswahili chake alikitoa vitabuni.

Siku moja daktari alimuuliza mgonjwa aliyekuja kwa ajili ya kukosa mtoto, "Je, hedhi yako huja kama kawaida?"

Mgonjwa huyo aliitwa Limi, mke wa Mabula, mfanyakazi wa mgodi wa almasi Mwadui. Akajibu, "Ndiyo, mama."

Bernadina akaacha kufagia. Alikwisha kuona jinsi Limi alivyojifunika kaniki hadi kidevuni, na joto lote lile, akajua kinachofichwa. Bernadina mwenyewe pia alikuwa na ndevu chache, ngumu, akizinyoa kila Jumamosi kwa wembe. Akauliza kwa Kisukuma, taratibu, akimwita mama, "Mayu, tangu mvua zianze, umekwenda mwezini mara ngapi?"

Limi akatazama sakafu. "Mara moja tu. Na kabla ya hapo sikumbuki."

"Neno lako hakulijua," Bernadina akamwambia daktari. "Ameitikia kwa heshima tu."

Tangu hapo daktari hakumhoji mwanamke asiyezaa ila kwa kinywa cha Bernadina. Wakaonekana wengi wa namna moja: mwezi wa kubahatisha, ndevu, wengine na miili iliyonenepa bila sababu. Daktari akaeleza kwamba hawa mayai wanayo, ila hayatoki. Bernadina alilifikiria jambo hilo akiwa anapiga deki, kisha akawaambia wanawake, "Ni kama kunde zilizobanwa na ganda gumu. Ganda halipasuki, kunde hazitoki. Daktari anataka kukata kipande cha ganda."

Walielewa vizuri sana. Walichokataa ni kisu. Walisema mtu akipasuliwa tumbo hatoki mzima, na Limi akapanda lori kurudi Mwadui.

Kesho yake Bernadina akamwendea daktari. "Nikate mimi."

"Wewe huna mume, Bernadina. Mtoto utampata wapi?"

"Sikuja kuomba mtoto. Hao wanawake wananisikia nikisema, lakini hawajamwona aliyekatwa akatembea."

"Unaweza kufa."

"Najua. Mimi ndiye ninayewatafsiria hilo kila siku."

Akakatwa mwaka 1954. Kwa siku kumi hakuthubutu hata kucheka, kwa maumivu. Wiki ya tano mwezi wake ukaja, na uliofuata ukaja kwa wakati wake, jambo ambalo hakuwa amelijua tangu avunje ungo. Alipopona akaanza kuchota maji kisimani mwenyewe, akipita makusudi mbele ya wodi, na mwanamke aliyetaka kuona kovu alimpeleka nyuma ya pazia akamwonyesha.

Habari zikafika Mwadui. Limi akarudi, safari hii pamoja na Mabula.

"Na akifa?" Mabula akauliza.

"Siwezi kukuahidi kwamba hatakufa, shemeji," Bernadina akasema.

"Nimekuja kwa miguu yangu," akasema Limi. "Nipelekeni."

Mwaka 1956 Limi akajifungua mtoto wa kike, Bernadina akimshika mgongo.

Mwaka huohuo Bernadina aliolewa na Selestine, mpishi wa hospitali, aliyefiwa na mke, mwenye watoto wawili. Akasubiri. Mwezi ulimjia sawasawa kwa muda, kisha ukaanza tena kupotea. Alilia mara moja, katika chumba cha kufulia. Selestine akaingia, akashika ncha ya pili ya shuka, wakalikamua pamoja.

Kazi hakuiacha. Mwaka 1958 alikuja Generosa, mkulima wa Bugarama, naye akauliza wanachouliza wote, "Nikikatwa nitazaa?"

"Sijui. Tumekatwa kumi na mmoja. Waliozaa ni wanne."

"Na wewe umo katika hao wanne?"

"Simo."

Generosa akamtazama sana. "Sasa mbona bado unatuambia habari hizi?"

"Nimewashika mgongo wote wanne," Bernadina akasema. "Na wewe lazima uwajue na wale saba kabla hujatia dole gumba kwenye karatasi ya kukubali kukatwa."

Generosa akainuka. Kisha akauliza mahali pa kuogea, maana alisikia mtu wa kisu huogeshwa kwanza. Bernadina akampa sabuni, akamwonyesha mlango wa bafu.