Mtu wa Thelathini na Tano

Ninayoandika hapa hamtaamini, na sitawalaumu. Hata mke wangu, aliyeamini kwamba nilimaliza darasa la nane, hili amelikataa. Bahati nzuri Abbasali mwenyewe yuko pembeni yangu na chai yake, anasoma begani ninapoandika.

Tulikutana mwaka tisini na tano katika nyumba moja ya wazee huku ughaibuni, North York. Yeye alipiga deki, mimi nilitawala jiko. Haya, niliosha sufuria. Kwao Mwanza alikuwa mwandika alama wa kriketi, timu ya kinu cha pamba, miaka kumi na minane. Na watu hao wana ugonjwa: mechi ikiisha hawaendi nyumbani mpaka hesabu ya wapigaji ikubaliane na ya warushaji. Zarina, mkewe, anasema pilau ya harusi yao ilipoa bwana harusi akitafuta mbio moja iliyopotea daftarini. Aliipata chini ya doa la chai.

Chumba cha kumi na mbili aliishi Bibi Winifred, Mzungu wa hapahapa, miaka themanini na minane. Ukutani kwake kulikuwa na fremu yenye kipande cha gazeti: mechi ya besiboli ya kulipwa, mwaka 1911, timu ya mji huu imefungwa nne kwa mbili. Chini yake majina na tarakimu kama mchele uliomwagika.

"Baba yangu aliitundika," alitwambia. "Aliapa kwamba raundi ya mwisho timu ya mji ilimwingiza, akapiga mara moja, akafika kituo cha kwanza, mchezo ukaishia hapo. Jina lake halimo. Nyumba nzima tulimcheka. Nataka kujua kabla sijafa: alikuwa mwongo?"

Nilikuwa nimeshika supu yake. Nikamnong'oneza Abbasali kwa Kiswahili, "Mwambie ndiyo, supu inapoa."

Yeye alishaegemeza fagio la deki ukutani, ameteremsha fremu, penseli mkononi.

"Kaka, huo si mchezo wako," nikasema. "Hapo hakuna hata wiketi za kriketi."

"Mpigaji ni mpigaji. Lazima aishie mahali: ametolewa, amefunga, au mchezo umemwacha kituoni. Raundi tisa, kila raundi wanatolewa watatu. Waliotolewa wangapi?"

"Ishirini na saba."

"Waliofunga wawili. Walioachwa vituoni, gazeti linasema sita."

"Thelathini na tano," nikasema kabla yake, maana hesabu ni kipaji changu.

Akajumlisha jina kwa jina, mara walizopiga na mara walizopewa njia bure. Thelathini na nne. Akarudia kutoka chini kwenda juu. Thelathini na nne. Akanipa mimi, nikapata ileile. Supu ilinimwagikia kiatuni nisiisikie. Miaka themanini na minne karatasi ile imekaa ukutani ikisema kuna mtu amepungua, na hakuna aliyeijumlisha.

"Bibi," Abbasali akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuta nyoka kitandani, "haisemi ni baba yako. Inasema kuna mtu mmoja alipiga, asiandikwe."

Nilingoja kicheko. Bibi Winifred aligusa majina yale kwa kidole, moja moja.

"Siku anakufa alianza tena hadithi ile," akasema. "Nikamwambia, baba, nyamaza sasa, umetuaibisha vya kutosha. Akanyamaza."

Abbasali akamuuliza jina la baba yake, akaliandika kwa penseli nyuma ya fremu, na mbele yake akaweka alama ya kuuliza, kwa sababu ndiye Abbasali.

Na hapo, naapa, Bibi Winifred akainuka kwenye kiti chake cha magurudumu, akatembea bila fimbo mpaka dirishani, akapiga vigelegele vilivyosikika hadi mtaa wa Agincourt, wazee mia mbili wakatoka vyumbani wakaanza kum—

"Vyumba vilikuwa arobaini," anasema Abbasali begani kwangu. "Na hakuinuka. Aliniomba nimhesabie tena."