Mkamwana wangu hataki radhi ya jumla

Leo nimeomba radhi, nikajibiwa kwa swali.

Kesho napasuliwa moyo hapa Jeddah, na kwa umri huu sina hakika ya kuamka. Basi, kama ilivyo desturi yetu Wazanzibari, tangu asubuhi namwomba radhi kila anayeingia. Wote hujibu papo hapo, "Nimekusamehe duniani na akhera, mzee."

Ikafika zamu ya Maja, mke wa mwanangu, Mslovenia. Mwanangu bado yuko njiani kutoka Riyadh.

Maja nami huzungumza Kiingereza. Nikamwomba anisamehe.

Yeye akafungua kamusi kwenye simu.

"Baba, neno lako la Kiingereza kwetu lina maneno mengi. Oprostiti, kama umenikanyaga mguu. Spregledati, nifumbe macho tu. Odpustiti ni zito, lazima nijue nasamehe nini. Wataka lipi?"

Mke wangu akaninong'oneza, "Mwambie, bwana. Wajua mwenyewe."

Najua. Miaka yote wageni wakija, mimi humtambulisha Maja kama "mgeni wetu." Sijapata kusema "mkamwana wangu," kwa kuwa ndoa ile sikuitaka. Nikayasema hayo mbele ya wote.

"Nataka lile zito," nikamaliza.

Maja akafuta macho, akanifunika miguu kwa shuka.

"Nitakujibu kesho, Baba. Ukiamka."

Jamaa zangu, mnasemaje? Radhi za wengine ninazo tayari. Ya huyu, sharti niamke niifuate.